Usiku Ulioingia Darasani Asubuhi

Likasi, Jumapili, 9 Novemba 1997

Yaya Astrida, dada yangu mkubwa,

Mvua imetufukuza kanisani mapema leo, na nyumba imetulia. Watoto wangu wako kwa jirani. Nimepata meza peke yangu na kalamu ya mwanangu, iliyotafunwa mwishoni, nikaona nikuandikie.

Jana Mwalimu Odile alikuja sokoni kwenye meza yangu ya mboga. Ndiye binti aliyepewa darasa lako la pili. Ana sauti ndogo, lakini watoto wanamsikiliza. Aliniambia kwamba imefika katoni ya vitabu vya watoto parokiani, vya hadithi za kwetu, na kwamba ameambiwa achague vichache. Vingine vitakwenda shule za upande wa Kakontwe. Alikuwa na vitatu kapuni vya kunionyesha.

"Mama, banasema weye ulichaguaka vitabu na yaya yako," akasema. "Nisaidie. Minye naogopa kubeba vibaya, halafu batoto basinzie mwaka muzima."

Nikakubali kabla sijafikiri. Tangu hapo naogopa. Mimi niliishia darasa la sita. Mwenye diploma ya ualimu ulikuwa wewe. Kesho nitaingia parokiani kuchagua naye, bila wewe. Kabla sijaenda, nataka tukae kidogo, wewe na mimi.

Unaukumbuka mwaka ule wa benchi tupu. Treni zilikuwa zimewachukua watu wengi kuelekea Kasai, majirani tuliokua nao, waliofukuzwa kwa sababu asili yao ni huko, na darasani mwako walibaki watoto wachache, wamekaa mbalimbali kama meno ya mzee. Mshahara wa serikali ulikuwa hauji tena. Wazazi ndio waliowashika walimu mkono, wengine kwa unga wa mahindi. Direkta, mkuu wa shule yenu, alikuwa amekwisha kukuambia kwamba darasa likizidi kupungua litaunganishwa na la tatu, nawe ubaki nyumbani. Na kitabu chako cha kusomea kilikuwa kimoja, cha zamani, ambacho ndani yake mtoto alikuwa akitengeneza mtu kwa theluji.

Siku moja ulikisoma pale kwenye meza yangu, huku Mama Chantal, jirani yangu wa sokoni, akitwanga sombe, majani ya muhogo.

"Na mama yake iko wapi?" akauliza. "Mutoto anacheza mu baridi vile, na hakuna muntu wa kumupigia kelele aingie mu nyumba?"

Ulicheka hadi ukakaa juu ya gunia la makala, makaa ya kupikia, na sketi yako ya shule ikawa nyeusi nyuma. Hukujali. Ulikifunga kile kitabu ukasema kwamba watoto wa Likasi wanapaswa kusoma kitu ambacho Mama Chantal hataweza kukiuliza swali kama hilo.

Kumbe padre alikuwa na kabati zima la vitabu vidogo, ngano za watu wetu zilizoandikwa kwa Kiswahili, na hakuna aliyevigusa. Alikuruhusu uchague. Kila jioni ulitoka shuleni na vitabu viwili kwapani, ukaja kwetu sokoni. Kanuni yako ilikuwa rahisi. Ulisoma kwa sauti, macho kwenye kitabu, masikio kwenye mchi wa Mama Chantal. Mchi ukiendelea kwenda tu, kitabu kilirudi kabatini. Mchi ukisimama, kitabu kiliingia kapuni mwako.

Jinsi tulivyocheka jioni zile! Kulikuwa na kitabu cha mtoto mwema aliyesalimia kila mtu na kushukuru kila mtu, kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Mama Chantal alitwanga, akatwanga, mwishowe akauliza, "Ule mutoto iko mugonjwa? Hata siku moja hafanye makosa?" Kingine kilikuwa na maneno mazuri sana, lakini katika picha mwanamke alikuwa ameushika mchi kwa mkono mmoja, huku amesimama kwa mguu mmoja kama korongo. Kitabu kilizunguka meza zote za mboga. "Akipiga vile," Mama Chantal akasema, "atavunja kidole ya mugulu, na sombe itabaki muzima." Ukakirudisha kwa huzuni kidogo. Uliniambia kwamba mtoto akiona mama yake amechorwa vibaya, hatayaamini tena hata maneno.

Kisha ukaja na kile cha kobe. Kobe anakwenda kuwatembelea wakwe, amebeba samaki mmoja mzuri wa ziwa Tshangalele, na kila anayekutana naye njiani anaomba kuonja kidogo tu. Ulipofika mahali kobe anapobaki na mkia peke yake, na mlango wa wakwe uko mbele, nilinyanyua macho. Mchi wa Mama Chantal ulikuwa juu, umesimama hewani. "Soma, soma!" akasema. "Ataingia na nini sasa?"

Ulikisoma darasani kesho yake. Watoto walirudi makwao wakiimba habari za kobe njia nzima. Na asubuhi iliyofuata benchi zilikuwa tupu kuliko siku zote.

Ilikuwa kazi ya Kambo Ngalula. Kila mtu wa kambi yetu ya wafanyakazi alimwita Kambo, yaani bibi: muuza makala, na kweli ni bibi yake Kapinga mdogo wa darasa lako. Yeye alikuwa mtu wa Kasai, lakini marehemu mume wake alikuwa wa huku ziwani, basi watoto wake walipoondoka kwa treni alikataa kuliacha kaburi la mume, akabaki na mjukuu mmoja. Kapinga alipomwimbia mambo ya kobe, Kambo akatoka hadi bombani na kutangaza kwamba mwalimu anahadithia ngano jua likiwaka, na kwamba watoto wataota mapembe kichwani. Akina mama walicheka. Kisha wakawaweka watoto nyumbani. Si kwamba waliamini sana, yaya. Lakini nani anataka kujaribu kwa kichwa cha mtoto wake?

Direkta alikupa hadi mwisho wa juma kuwarudisha watoto. Ungeweza kurudia kitabu cha zamani. Nilikuambia hivyo mimi mwenyewe. "Theluji haioteshi mtu pembe," ukajibu, lakini ulikuwa ukitabasamu, na nikajua umekwisha kuamua jambo. Ulinishika mkono tukaenda kwa Kambo. Alikuwa akipanga makala yake mafungu mafungu, hakuinua kichwa.

"Jambo yako, Kambo."

"Jambo. Weye njo ule mwalimu wa mapembe?"

"Njo minye. Nimekuya kuuliza kintu moja. Hadisi inakataa saa ya muchana, ao inakataa mwangaza?"

Sasa akainua kichwa. Akakuangalia, akaniangalia na mimi, kama vile tumemletea makala yaliyolowa.

"Inakataa mwangaza," akasema. "Hadisi inapenda giza."

"Basi kama giza iko mu darasa asubuhi?"

Akashika kipande cha makala, akakigeuzageuza. Niliona kwamba alikuwa anaanza kufurahia lile swali, ila hakutaka tulione.

"Giza iko giza," akasema. "Lakini minye njo nitakuya kuangalia. Nataka giza ya kweli. Hapana giza ya batoto ya kufumba macho!"

Sijawahi kufanya kazi ya furaha kama ile. Mume wangu alituletea magunia ya saruji ya karatasi; tuliyapasua, tukayabandika madirishani kwa uji mzito wa muhogo. Mama Chantal akatoa kitenge chake cha sikukuu kifunike mlango. Ulikwenda nyumba kwa nyumba kuwaambia akina mama waje wenyewe, wasimame na watoto wao, waone. Wakaja, wengine kwa ajili ya watoto, wengine kwa ajili ya umbea tu.

Kambo Ngalula alifika amevaa kama anakwenda misa ya Pasaka. Alikagua madirisha moja moja kama kapita anayepokea kazi ya vibarua wake. Alipapasa pembe za karatasi. Palipokuwa na ufa, alitoa kitambaa chake cha kichwani akauziba, akabaki na mvi zake nje. Wewe ulisimama karibu na ubao, kitabu kifuani. Nilikuwa karibu nawe. Kisha Kambo akatazama juu. Mabati yalikuwa na matundu ya misumari ya zamani, na kila tundu lilikuwa na jua lake dogo.

"Na ile njo nini?" akauliza.

Sote tukatazama juu. Ndipo Kapinga, mjukuu wake mwenyewe, akasema kutoka gizani:

"Njo nyota, Kambo!"

Kambo alicheka. Ilianza kifuani, ikapanda, akashika benchi asianguke, na darasa zima likacheka naye, na akina mama pia. Akajifuta macho, akakaa. "Haya," akasema. "Bushiku imefika. Mwalimu, hadisia batoto."

Ulisoma. Taa ndogo ya koroboi uliiweka chini ya meza ili uone maneno tu. Ulipofika njiani kwa kobe, Kambo alikukatiza. "Hapa kuko lwimbo. Balioandika balisahau lwimbo." Hukukasirika. Ulifunga kitabu juu ya kidole chako ukamwomba aimbe. Na yule mwanamke ambaye tulimjua kwa kufokea wateja akaimba, sauti nyembamba kama ya msichana: *Kobe, babuko banangoja!* Yaani wakwe wanangoja. Akatufundisha kuitikia: *Ninakuya, ninakuya!* Tukaimba sote, na sauti ya Mama Chantal ikiwa juu kuliko za wengine.

Kelele zikamleta direkta. Alifungua mlango, jua likaingia lote. Watoto wakapiga yowe pamoja: "Funga! Funga mlango! Tutaota mapembe!" Maskini direkta, alishtuka akaufunga, akajikuta amebaki ndani. Ulimwambia kwa upole, "Bwana direkta, karibu, keti." Akapapasa hadi akapata benchi tupu, akakaa, tai yake na yote. Mzunguko uliofuata niliisikia sauti nene ya mwanamume kule nyuma: *Ninakuya, ninakuya.*

Madirisha yalipofunguliwa, Kambo hakutoka na wengine. Alikuwa akifunga kitambaa chake kichwani taratibu. "Toka batoto yangu bapande treni," alikuambia, "sikuhadisia tena muntu." Ulimsindikiza hadi kwake. Sijui mlizungumza nini njiani. Hukuniambia, nami sikuuliza. Ila tangu hapo kila Ijumaa alikuja, na ninyi wawili mlichagua pamoja kile cha juma lililofuata. Mlivyobishana! Naye hakushinda kila mara.

Benchi zilijaa. Walikuja hata watoto wa mitaa mingine, wakidai wanataka darasa lenye usiku. Hakuna aliyeuliza hadithi hii ni ya watu wa wapi na ile ni ya nani. Darasa la tatu lilikaa kivyake, nawe hukubaki nyumbani.

Nilifikiri kuandika haya kutaniliza, yaya, na kumbe nimecheka peke yangu mezani. Siku ninazolia ni zile za kawaida, nikifunga mafungu ya lengalenga, mchicha wangu wa kuuza, na kukuona unakuja na vitabu kwapani, kisha ni mtu mwingine. Katika ugonjwa wako wa mwisho mimi ndiye niliyekusomea. Nilisoma mbio kwa woga wa kukosea, nawe ukasema bila kufungua macho, "Usiikimbize, mudogo. Haina mahali inakwenda." Bado najisemea hivyo, hata ninaposonga bukari, ugali wetu.

Sasa nikwambie ya vile vitabu vitatu vya Odile. Jana nilivisoma mbele ya Mama Chantal kama ulivyonifundisha. Viwili vilisimamisha mchi. Cha tatu kinamhusu msichana wa kijiji cha ziwani anayewauliza wauza samaki maswali hadi wanamkimbia na mizani yao. Hakina wimbo, hakina mnyama hata mmoja. Mama Chantal alitwanga mpaka mwisho, akasema, "Ile, rudisha." Lakini mimi niliona msichana yule ni mtu. Nilikuja nacho nyumbani, nikakisoma tena polepole, na mume wangu akauliza kutoka chumbani nacheka na nani.

Kesho nitamwambia Odile avichukue vyote vitatu. Hicho cha mwisho nitasema nimekichagua mimi, na wakiniuliza kwa nini, nitawasomea. Labda ungebisha. Ningefurahi sana kubishana nawe. Lakini woga niliokuwa nao nilipoanza barua hii siuoni tena.

Mvua imepungua, nasikia watoto wanarudi. Pumzika, yaya. Na huko uliko, unikumbuke.

Mdogo wako