Gari Lilikuwa Uani

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji na watoto. Natumaini mgongo wako umepoa, na kwamba umeacha ule ubishi wa kubeba mbao peke yako. Sisi huku tunaendelea hivyohivyo. Mama watoto anakusalimu. Yeye ndiye aliyeninunulia karatasi hii na kuniambia nisiinuke mezani kabla sijaijaza.

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu. Tangu tumzike baba, mwaka na miezi minne sasa, hatujajuliana hali. Sikulaumu.

Naandika nikiwa wodini. Usishtuke, sijavunjika mahali. Miezi mitatu iliyopita, pale dukani ninapouza vifaa vya ujenzi, aliingia mteja kununua misumari. Baiskeli aliyoiegemeza mlangoni ikaanguka, kengele yake ikalia. Kilichofuata nimesimuliwa. Wanasema niliruka kaunta, nikamshika yule mtu miguu, nikawa namwomba msamaha huku nalia, na ilibidi watu watatu wanibandue. Mwenye duka alimpigia simu mama watoto, naye hakunipeleka nyumbani. Alinileta hapa, kwenye kliniki ya wanajeshi wastaafu.

Daktari wangu ni mama wa makamo, mpole, lakini ukimdanganya hakubishii. Anakungoja tu mpaka uongo wenyewe uone aibu. Aliniambia huu si wazimu wala woga, ni kiwewe cha vita, na tiba yake si moja. Kuna vidonge, kuna kukaa na wenzako mkaongea, na kuna kumsimulia mtu mmoja jambo lenyewe, tena na tena, mpaka lipungue makali. Akasema nichague mwenyewe, na hii isiponifaa tutajaribu ile.

Nilichagua vidonge, maana kidonge hakiulizi maswali. Vilinituliza mikono, nikaanza kula vizuri, ila kilichonileta hakikuondoka. Nikaingia kikundini. Tuko saba. Mmoja alikuwa mpishi wa jeshi, na hutuchekesha kwa kusema vidonge vyake vina rangi nyingi kuliko nishani zake. Siku moja, kicheko hakijaisha, akasema tangu arudi hajawahi kuvumilia harufu ya nyama inayochomwa, na sababu yake kila mmoja wetu aliielewa bila kuuliza. Nikajua siko peke yangu. Lakini mimi zamu yangu ikifika, nilikuwa natazama viatu vyangu.

Mwisho nikakubali kusimulia.

Kaka, hukuwahi kuniuliza nilifanya nini kule vitani, nami nilikushukuru kimoyomoyo. Nilikuwa dereva wa lori la tatu kwenye msafara. Amri ilikuwa moja: usisimame kwa lolote, kwa sababu wiki iliyotangulia waliosimama walishambuliwa. Asubuhi hiyo kulikuwa na mtu anavusha baiskeli yenye mzigo wa kuni. Malori mawili yakampita, akadhani yamekwisha. Gurudumu lake likakwama kwenye shimo katikati ya barabara. Hakuiacha, akawa anaivuta. Aliponiona akainua mkono, kama mtu anayekuomba umsubiri kidogo. Mkubwa wangu aliyekaa kando yangu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Twende." Nikaenda. Jioni nikapongezwa. Kesho yake nilisema macho yananisumbua, nikahamishiwa stoo.

Hayo nimemsimulia daktari mara kumi na moja. Ananirekodi, kisha nasikiliza sauti yangu mwenyewe. Mara za kwanza nilitapika. Siku hizi nafika mwisho. Wiki jana tulikaa ndani ya gari la hospitali, injini imezimwa, mikono yangu ikiwa kwenye usukani. Akaniuliza ni lini mara ya mwisho niliendesha. Nikamwambia ni siku ile ya msafara. Akaniuliza ni lini mara ya mwisho nilihitajiwa kuendesha. Kisha akangoja.

Hapo ndipo barua hii ilipoanzia.

Siku baba alipobanwa na kifua, gari lake lilikuwa uani na mafuta ya kutosha. Wewe hujui kuendesha. Uliniambia nilete ufunguo, nikakujibu umepotea. Ulipekua droo, ukapindua magodoro, ukakimbilia barabarani kutafuta gari la watu, ukarudi baada ya dakika arobaini. Msibani uliniambia mbele ya watu kwamba uzembe wangu umemuua baba.

Ufunguo haukupotea, kaka. Ulikuwa mfukoni mwangu. Kabla hujaniita nilikuwa nimeshauchukua, nikafika hadi mlango wa gari, nikamwona yule mtu amesimama mbele ya boneti na baiskeli yake, mkono juu. Nikarudi ndani.

Lipo na jingine, ambalo daktari mwenyewe nimemwambia jana tu. Ulipotoka mbio, nilipiga magoti kando ya kitanda. Baba akanyoosha mkono anishike, ukaangukia mfukoni mwangu. Akaugusa ufunguo, akatambua ni nini. Akasema, "Acha, mwanangu. Kaka yako atapata gari." Uliporudi hakukwambia lolote kuhusu ufunguo. Kutoka pale hadi hospitali ni dakika kumi na mbili kwa gari. Njia hiyo nimeipita kwa miguu na kwa akili mara nyingi mno.

Daktari anasema ule ulikuwa ugonjwa. Namwamini. Lakini mdomo uliosema umepotea ni wangu.

Sikuombi unisamehe kwa karatasi. Alhamisi ndugu wanaruhusiwa kukaa nasi chumbani kwa daktari. Ukija, njoo na hasira yako yote usibakize. Nimemwambia huenda ukanipiga, akasema atasogeza viti.

Nisalimie shemeji. Watoto waambie baba yao mdogo anawakumbuka. Mama msalimie sana, na umwambie naendelea na dawa. Haya mengine hayajui. Nilijaribu kumwandikia yeye kwanza, nikashindwa kuvuka salamu. Kwa hiyo kama ataambiwa au hataambiwa, nakuachia wewe.

Mimi mdogo wako,
wa mwisho kuzaliwa