Baba Yenu Yupo Jikoni

Nyumbani kwa mama,
Chumba cha nyuma.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa kaka,

Hujambo huko uliko? Kikohozi kimekuachia, au bado unakibembeleza kwa maji ya moto badala ya kwenda kwa daktari? Sisi tu wazima. Goti la mama linamsumbua asubuhi tu, likipata joto linanyooka. Dada amehamia hapa na wanawe, kwa hiyo nyumba ni kelele tupu, na hao wapwa zako wanauliza mjomba atarudi lini na nini mkononi.

Najua utashangaa kupata karatasi. Simu zote za nyumba hii zinapita kwenye ruta moja, kile kisanduku cha intaneti, na ninalotaka kukuambia sitaki lipite huko.

Kazini tulipewa jukumu la kuitengeneza upya ile programu ya kusimamia intaneti ya nyumbani. Unaikumbuka ya zamani: tarakimu na herufi zilizopangwa kama mtu kazimwaga. Siku ile mama alitaka kuwazimia watoto michezo, akaizima intaneti ya nyumba nzima, mpaka ya jirani tuliyemgawia. Mimi nilipewa kuandika maneno yake. Palipoandikwa "kifaa hakitambuliki" nikaandika "Huyu ni nani?" Badala ya "zuia" nikaweka "Mpumzishe." Bosi alifurahi, akasema sasa hata mama yake ataweza.

Mimi nikaamua kuijaribu kwa mama yetu. Tukafunga visanduku vidogo vya kuongeza mawimbi, kimoja sebuleni, kimoja jikoni, kimoja varandani, ili programu ijue kila kifaa kipo wapi. Nikakaa naye kwenye kochi, mdomo nimeufunga, maana anayejaribu hasaidiwi.

Alienda vizuri mno. Runinga akaipa jina Kelele, tableti ya watoto akaiita Watundu. Halafu swali langu likatokea tena: "Huyu ni nani? Yupo sebuleni." Chini yake palikuwa na jina ambalo kifaa chenyewe kilijitambulisha nalo: Simu ya Mzee Msiguse.

Kaka, hiyo simu niliifunga mimi mwenyewe ndani ya sweta lako baada ya mazishi ya baba. Uliondoka nayo.

Nikacheka, nikasema programu mpya haikosi kasoro. Mama hakucheka. Aliandika taratibu, kwa kidole kimoja, "Baba yenu", akahifadhi. Kioo cha simu kikajibu kwa maneno niliyoyatunga mimi na kusifiwa kikaoni: "Karibu nyumbani, Baba yenu."

Tulikuwa wawili tu mle sebuleni. Mama alikuwa amekaa pembeni kabisa mwa kochi, na sasa ndipo nikaona kwamba huwa anakaa hivyo siku zote, kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi.

Punde maandishi yakabadilika. Baba yenu yupo jikoni.

"Anaangalia mlango wa nyuma," mama akasema, sauti ya kawaida kabisa. "Kila alasiri lazima auangalie. Kazi ya ulinzi ilimwingia kwenye damu."

Nilikwenda jikoni. Hapakuwa na mtu. Lakini komeo lilikuwa limefungwa, na mimi ndiye niliyeliacha wazi nilipotoka kuanika nguo.

Nilimweleza fundi wetu wa mitandao. Akasema ni kumbukumbu zilizobaki kwenye ruta ya zamani, akaja mwenyewe na mpya kutoka kwenye boksi. Akaiwasha, akaweka neno la siri alilolitunga papo hapo bila kututajia. Kabla hajaunganisha hata simu yake, kioo kilikuwa kimeshamwonyesha mmoja ndani: Baba yenu.

"Dada, neno la siri nimewapa?" akaniuliza.

"Hujatupa."

Akakusanya vifaa vyake, chai akaiacha mezani inafuka moshi. Kazini sasa tukipishana ananisalimia akiangalia viatu vyake.

Mimi ningenyamaza, lakini watoto waliizoea programu. Wakawa wanaamka na kuuliza babu yupo chumba gani, kisha wanaenda kumsalimia. Mdogo akaanza kumsimulia ndoto zake, anatulia kama anayejibiwa. Dada alipomkuta hivyo alipiga ukelele. Akamwambia mama waziwazi: ama huyo aondoke, ama yeye na wanawe wafungashe.

Jana baada ya chakula tukakaa wote. Mama akaishika simu muda mrefu. Akabonyeza "Mpumzishe." Programu ikauliza kwa muda gani, na chini yake majibu yangu: Saa moja. Mpaka kesho. Mpaka nitakapomwita.

"Kachoka kweli," mama akasema. "Umri wote ule wa zamu." Akabonyeza la mwisho.

Taa ya ruta ikafifia, ikawaka tena. Nyumba ikapoa ghafla, kama friji inapokata mngurumo na ndipo unagundua kumbe ilikuwa inanguruma. Mama alilia kidogo tu, akaomba akalale. Dada akanikumbatia. Nami, kaka, nilihisi tumemfungia mtu nje ya nyumba aliyoijenga.

Leo mchana ujumbe umeingia kwenye simu yangu, maana msimamizi ni mimi. "Baba yenu anaomba kuingia. Yupo varandani." Chini yake vitufe viwili: Ruhusu, Bado. Nimebonyeza Bado. Ujumbe umerudi. Nimebonyeza tena, umerudi. Mama sijamwambia.

Naomba ulifungue hilo sweta uiangalie simu ya baba. Kama imezimika, niandikie. Kama inawaka, niandikie pia, lakini tafadhali usipige.

Dada anakusalimu, wapwa zako wanakusalimu, na jirani yule wa intaneti ya bure anasema hajakusahau. Mungu akufunike popote ulalapo, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukichelewa kujibu,

Kitindamimba

Nyongeza: Nilikuwa naifunga bahasha mvua ikaanza kunyesha. Nimemsikia mama akitoka chumbani kwake, akiburuta lile goti hadi mlango wa varandani. Simu yangu ninayo mimi, hajaiona, wala hakuna aliyebisha hodi. Nimemsikia akivuta komeo. Kisha akasema, kwa upole, "Ingia basi, mume wangu. Utalowana."