Lango Ambalo Halimo Kitabuni

Jumamosi. Mvua ya masika haijapumzika tangu juzi, na turubai walilofunga vijana wa jumuiya uani limeanza kuvuja upande wa jikoni. Mnaokuja kwenye blogu hii kutafuta mapishi ya kambale, leo mnisamehe. Baba yangu alifariki jana mchana.

Sentensi hiyo nimeifuta na kuiandika tena. Sasa naiacha ilivyo.

Baba alifundisha fasihi hapa Ifakara mpaka akastaafu. Wengi wa rika langu wamepita mikononi mwake, na nusu yao wako uani sasa hivi wanakunywa chai ya msiba. Macho yalipomwishia nikawa namsomea mimi, nikitoka kwenye mashine ya kukoboa mpunga, pumba zikiwa bado kwenye nywele. Alikuwa na tamthilia moja aliyoipenda kupita kiasi, kitabu cha zamani ambacho jalada lake lilishapotea. Ni habari ya mkuu wa mji aliyeapa vitani, mbele ya watu, kwamba atakayechelewa kurudi hafunguliwi lango. Anayechelewa ni mwanawe. Mkuu hafungui. Kijana anafia nje, na baba mtu anabaki na mji wake.

Kila mwaka kulikuwa na mwanafunzi aliyeuliza kwa nini mkuu asifungue tu. Baba alilingoja swali hilo kama mtoto anavyongoja sikukuu. Alijibu kwamba mkuu akifungua si yeye tena, ni mtu mwingine ambaye hatumjui. Janga la mhusika, alisema, halishuki kutoka mbinguni. Linatoka ndani yake mwenyewe, kwenye tabia yake, na mwandishi anayemwokoa mhusika dakika ya mwisho ni mwoga.

Darasani lilikuwa somo zuri. Nyumbani lilitutesa.

Kaka yangu Deo anaishi Malinyi, ng'ambo ya mto Kilombero. Mama alipofariki, daraja lilikuwa halijajengwa. Watu walivuka kwa pantoni pale Kivukoni, na mwaka ule mto ulifura mpaka pantoni ikasimamishwa. Deo alifika ukingoni akakuta wenye mitumbwi wanavusha watu kwa kubahatisha. Baadhi walipanda wakavuka salama. Yeye aliyatazama yale maji na miguu ikakataa. Alikaa ukingoni mpaka mto ulipotulia, akafika nyumbani akakuta Mama tumeshamzika.

Kaka alisema, "Baba, ni maji." Baba akasema wengine waliyavuka maji hayohayo. Kwa hiyo si mto uliomzuia, ni moyo wake. Akasema mbele ya ndugu wote waliokuja msibani: "Nikiwa hai, huyu hakanyagi ndani ya nyumba yangu."

Namjua Baba. Nadhani hata kesho yake alishajuta. Lakini alikuwa amesema mbele ya watu.

Basi ikawa hivyo, mwaka hadi mwaka. Daraja likajengwa, siku hizi mtu anavuka Kilombero huku anatafuna karanga, na Deo akawa anakuja kila Krismasi na kila Pasaka. Anakuja na mchele na samaki, anaishia barazani. Anasimama mlangoni na kuita, "Shikamoo Baba," halafu anasubiri. Ndani kimya. Mnajua kunyimwa marahaba na mzazi wako ni kitu gani? Mimi nilikuwa nasikia aibu mpaka masikioni, utadhani nimenyimwa mimi. Halafu nampelekea kaka chakula barazani, anakula, anaondoka.

Na samaki wake Baba alikuwa anawala. Tena anasifia. "Mwambie mgeni ahsante," ananiambia, na mimi nakosa hata pa kuweka uso. Siku moja nilimjibu kwamba mgeni huyo ana pua yako, Baba. Alicheka mpaka akakohoa. Lakini hakusema aingie.

Wiki hii Baba alipoanza kukataa hata uji, nilimpigia Deo simu nikamwambia njoo, usingoje Pasaka. Jana asubuhi akanipigia kwamba yuko njiani, ila barabara imeharibika na gari limezama kwenye tope. Nikamwambia Baba kwamba Deo anakuja. Baadaye akasema, "Nisomee pale penye lango."

Nikasoma. Mwana anagonga, walinzi wanamtazama mkuu, mkuu anageuza uso. Nimesoma ukurasa huo mara nyingi mno, macho hayahitaji hata kuutazama. Labda ndiyo maana mdomo ulinikimbia. Pale ambapo mkuu ananyamaza, nikasikia sauti yangu inasema: "Mkuu akasimama, akawaambia walinzi, fungueni. Ni mwanangu. Amecheleweshwa na mvua."

Baba alikuwa amefumba macho. "Hiyo haimo," akasema.

"Haimo, Baba."

"Nani kaiweka?"

"Mimi."

Nikangoja kukaripiwa. Aliyewahi kumharibia Baba kitabu anajua alivyokuwa. Mvua ilikuwa inapiga bati, nikasogea karibu ili nisipitwe na neno.

"Isome tena," akasema.

Nikaisoma tena. Haikuja ileile, kwa sababu haikuandikwa popote. Safari hii mkuu alishuka mwenyewe kwenda langoni. Machozi yalikuwa yananidondokea kwenye karatasi lakini sauti niliishikilia. Nilipomaliza, Baba alivuta shuka mpaka kifuani kama mtu aliyeridhika na usingizi unaokuja. Nikaenda jikoni kuutoa uji motoni.

Niliporudi alikuwa ameshaondoka.

Sijui nilikaa muda gani pale pembeni ya kitanda. Kilichoniamsha ni sauti barazani. "Shikamoo Baba." Halafu, kama kawaida, akanyamaza kusubiri.

Nikatoka. Deo alikuwa amelowa chapachapa, suruali ina tope mpaka magotini, mkononi ameshika kambale kwenye mfuko wa rambo. Sehemu kubwa ya njia alikuja kwa miguu. Akaniuliza, "Amelala?" Nikatikisa kichwa, naye akaelewa. Akamweka yule samaki chini taratibu.

Kisha akauliza lile nililokuwa naliogopa. "Kuna alichosema kuhusu mimi?"

Hapo ningeweza kumpa chochote. Ningeweza kusema alikutaja, alikusamehe, alisema uingie. Nani angenipinga? Lakini nimelelewa na mtu aliyechukia mwisho wa kubambikiza, nikamweleza ilivyokuwa tu: kwamba nilifungua lango ambalo halimo kitabuni, akasema halimo, halafu akaniambia nisome tena. Deo alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. "Tena?" akauliza. Nikasema ndiyo, tena.

Akabaki amesimama kizingitini. "Alisema akiwa hai," akasema, kama vile ananiomba ruhusa.

Nikamwambia, "Ingia kaka."

Baba hakuvunja neno lake. Limetimia lote, na hilo ndilo linalonichoma leo kuliko kifo chenyewe. Maisha yangu yote nimemsikia akifundisha jinsi mtu mzuri anavyoweza kuangamizwa na uzuri wake mwenyewe, na bado sikutegemea kuyaona kwenye chumba hiki, penye chandarua changu na redio yake. Je, ni tabia yake iliyotufikisha hapa, au ni mto tu uliofura? Yeye angetaka nichague moja na nitoe sababu. Sina hata moja.

Kesho tunamzika pembeni ya Mama.

Nimalizie na hili, kwa sababu nisipoliandika sitalala. Deo alivua viatu vyake vya tope akaingia. Alisimama miguuni pa kitanda, mikono nyuma kama mwanafunzi aliyechelewa kipindi. Akasema, "Shikamoo Baba." Akasubiri, kama alivyozoea kusubiri. Alisubiri muda mrefu.

Mimi nilikuwa mlangoni nalo mdomoni, marahaba, neno moja tu, na sikulitoa. Ukurasa mzima niliweza kuubuni. Hilo lilinishindaje?