Dakika Moja ya Kujibu

Gazi, Jumanne

Dakika moja tu ya kujibu, nami nimeimaliza kwa salamu!

Nilikuwa nikifanya mazoezi ya ule mtihani wa Kiingereza unaotakiwa na chuo cha ng'ambo. Kompyuta ikasema: tueleze kuhusu mtu unayemheshimu. Nikaisalimu, nikaiuliza hali, nikamshukuru Mungu. Nilipomfikia mama na miche yake ya mikoko, muda ukaisha.

Nimemsimulia mama jioni hii, akanikazia macho. "Sasa ungeanzaje bila salamu? Nilikufunza hivyo mimi?"

Jumamosi ndiyo mtihani wenyewe. Naogopa. Itanibidi niingie moja kwa moja, kama mtu asiyefunzwa.

Ila najiuliza: huyo anayesikiliza rekodi za majibu yetu kutwa ili atupe alama ni nani? Na tangu aanze kazi hiyo, kuna aliyewahi kumwuliza ameamkaje?