Safu ya Tatu Ilinyamaza

Pune, 9 Novemba 1968

Mwanangu Vatsala,

Baraka nyingi juu yako. Barua yako ya kutoka Miraj imefika. Tumeisoma mara mbili, na mama yako akaisoma ya tatu peke yake jikoni. Sisi wazima. Goti langu linauma, lakini halijanizuia kufika ukumbini hata Jumamosi moja, kwa hiyo sina haki ya kulilaumu.

Sasa habari zenyewe. Nimeuona ule mchezo mpya wa kutoka Bombay, *Kiti cha Miguu Mitatu*. Wanaume watatu wanakizunguka kiti kwa saa mbili. Hakuna anayekaa, hakuna anayeimba. Eti huo ndio usasa. Jirani yangu akaninong'oneza kwamba kiti ni serikali. Nikamwambia, "Bwana wee, kama kile ni serikali, basi hiki nilichokalia mimi ni nini, maana nacho kinanichoma makalio?"

Mjomba wako naye alinichukua Bombay kusikiliza opera ya Wataliano. Mama mmoja mnene alichomwa kisu, akaimba dakika ishirini nzima ndipo akafa. Kwa pumzi ile mtu hafi! Lakini nisiseme uongo. Pale aliposhusha sauti mpaka ikawa nyembamba kama uzi, nilifuta macho, na sikuelewa hata neno moja. Nikapaza, "Irudiwe!" Watu wakanigeukia kama nimevua nguo. Kumbe kwao aliyekufa haruhusiwi kuamka arudie wimbo. Sasa raha yake nini?

Huku kwetu walileta *Taji la Udongo*. Wimbo wa bustani mwimbaji wao wa kike aliuimba kwa pua. Alipomaliza, mpiga kinanda akaishikilia sauti ya mwisho, akangoja mtu apaze "Irudiwe!", kama ilivyo ada. Ukumbi mzima ukanitazama mimi, safu ya tatu. Nikaendelea kula karanga zangu. Basi, hakuna aliyefungua mdomo, na kinanda kikazimika chenyewe. Watu wa Pune wana msemo siku hizi kwa jina langu, "Ngoja Narhari." Si majivuno, mwanangu, ni masikio ya miaka arobaini.

Kunywa maji ya moto na tangawizi. Usiimbe ukiwa na njaa.

Baba yako

*

Kolhapur, 20 Desemba 1968

Shikamoo Baba,

Nainama miguuni kwako na kwa Mama. Mimi mzima, ila kikohozi kilinishika wiki moja kikaniachia. Nilicheka sana habari ya Wataliano, mpaka wenzangu wakataka niwasomee kwa sauti. Wamekupa jina, wanakuita Jaji.

Baba, nina neno. Mwenye kampuni yetu ya michezo, Bwana Dabke, amenipa nafasi ya Revati katika *Bangili za Revati*. Si ya kujaribu, nafasi yenyewe, pamoja na wimbo wa kisimani! Miaka sita nimekuwa mbeba sinia jukwaani na mwimbaji wa kundini, sasa ndiyo hii. Lakini ameniambia waziwazi: "Vatsala, Kolhapur na Miraj wanakupenda, lakini Pune ndiyo Pune. Wakitaka wimbo wako urudiwe, nafasi ni yako mpaka uchoke. Wasipotaka, nampa Kunda." Kunda ni binti wa dada yake. Msichana mzuri, sina ugomvi naye.

Tunakuja Jumamosi tarehe 18 Januari, onyesho la mchana, na tukimaliza tu tunaondoka kwenda Satara. Sitapata hata nafasi ya kufika nyumbani. Nakuomba kitu kimoja tu, uje. Sikuombi unipendelee. Nikikosea, kaa kimya, nitakubali, maana nitajua nimehukumiwa na mtu anayejua. Ila nikiimba vizuri, Baba, nataka nikusikie wewe.

Mwanao Vatsala

*

Pune, 2 Januari 1969

Mwanangu Vatsala,

Baraka. Sote hatujambo, baridi imezidi, mama yako ananifunga shali kama mtoto mchanga.

Nitakuja. Nitakaa mahali pangu. Nitakusikiliza kwa masikio yaleyale ninayowasikilizia wote. Mwambie mpiga kinanda wenu asikimbize mstari wa pili, nimesikia ana haraka.

Mama yako hatakuja. Anasema moyo utampasuka. Atabaki nyumbani na taa mbele ya miungu.

Baba yako

*

Pune, 20 Januari 1969

Mwanangu Vatsala,

Baraka, na tena baraka! Natumai Satara mmefika salama. Goti limesahau kuuma tangu juzi.

Nianze na makosa, maana ndivyo ninavyoanza na wote. Pazia lilikwama kitendo cha kwanza. Yule mfalme wenu ana kitambi, na upanga wake unasikika kuwa wa mbao. Vipaza sauti vile alivyoweka Dabke mbele ya jukwaa avitupe mtoni. Mpiga kinanda nilimsema bure, anajua kazi.

Sasa wewe. Vatsala, nimesikiliza waimbaji tangu nikiwa na miaka kumi na tano. Wimbo wa kisimani sijausikia ukiimbwa hivyo, si na mwanamke, si na mwanamume. Ulipopanda ile sauti ya juu na kukaa pale bila kutikisika, karanga zilinidondoka mkononi.

Na ujue jinsi nilivyojizuia! Kinanda kilipoishikilia sauti, watu wote walinigeukia, na mimi nikauma ulimi mpaka nikasikia ladha ya damu. Hata siku moja sijampazia sauti mtu wa damu yangu. Marehemu kaka yangu alicheza jukwaani miaka kumi na mbili na sikumpigia makofi hata mara moja, ndiyo maana neno langu lina uzito. Ningepaza, kesho wangesema Narhari amemnunulia bintiye sifa. Nikatoka kwa mlango wa pembeni ili nisionekane nimekuja kukuombea kwa Dabke.

Nimeyaandika haya kwa sababu karatasi haina mashahidi. Niandikie upesi. Dabke amesema nini?

Baba yako

*

Pune, 16 Februari 1969

Mwanangu Vatsala,

Baraka. Hujambo? Mbona kimya? Wiki ya nne sasa. Ile barua niliipeleka Satara. Labda mlikwisha ondoka, maana nimesikia kampuni imekwenda Sangli na Belgaum. Nimetuma neno kote.

Nimeuona mchezo wa wakili na wake zake wawili. Watu wamevunjika mbavu kwa kucheka. Mimi sikucheka, sijui kwa nini. Nilitoka kabla ya kitendo cha tatu, na hilo si desturi yangu.

Andika hata mistari miwili. Mama yako haongei nami vizuri. Ananiwekea sahani na kuondoka.

Baba yako

*

Hubli, 3 Machi 1969

Shikamoo Baba,

Nakuinamia wewe na Mama. Mimi mzima wa mwili. Niko Hubli kwa Mama Mdogo. Barua yako ya Januari imezunguka Satara, Sangli na Belgaum, imenifikia jana. Imebebwa na mbeba mizigo wa kampuni.

Nimeisoma. Nimekaa nayo usiku na mchana, na sasa nakuandikia nikiwa nimetulia, usidhani ni hasira.

Wewe ulikuwa umekaa, mimi nilikuwa nimesimama, kwa hiyo acha nikusimulie nilivyoona mimi. Nilimaliza wimbo, mkono ukiwa juu na mtungi kiunoni. Kinanda kikangoja. Nikaona vichwa vyote vinageuka safu ya tatu, hata wale wa juu ghorofani wameinama kukuchungulia. Kule nyuma mtu mmoja alianza kusema "Iru…" mwenzake akamziba mdomo, "Ngoja Narhari." Ukatazama magoti yako. Kinanda kikaendelea kungoja, Baba. Mpiga kinanda alikuwa ananipenda, alikishikilia mpaka mikono ikamchoka. Kisha kikazimika, na mimi nikateremsha mkono.

Nyuma ya pazia Bwana Dabke hakufoka. Angefoka ningejibu. Alisema polepole, "Mwanangu, hata baba yako?" Nikakungoja kwenye mlango wa wasanii mpaka lori likapiga honi. Nilitaka unionyeshe kosa liko wapi. Hukuja.

Wiki nzima niliuimba ule wimbo kimoyomoyo nikitafuta kosa. Nikasema ni pumzi. Nikasema ni neno la tatu. Nikalibadilisha, nikabadilisha na lingine. Belgaum walinirudishia sinia, nikalibeba usiku mmoja, nikaaga. Sasa nafundisha wasichana kushona hapa shule ya kina mama.

Unasema niliimba kuliko wote. Nakuamini, hujawahi kusema uongo kuhusu michezo. Basi jana nilijifungia, nikajaribu. Nikifika pale juu nasimama, nangoja. Mwili umeshajifunza.

Nilikuomba kitu kimoja. Ulilinda jina lako, na mimi nilidhani ulikuwa unanisikiliza.

Mwanao Vatsala

*

Pune, 28 Aprili 1969

Mwanangu Vatsala,

Baraka, kama bado unazipokea kwangu. Mama yako hajambo. Mimi sijalala vizuri tangu barua yako, na nimestahili.

Nimekosa. Sina "lakini" ya kuongeza. Mama yako alipomaliza kusoma alisema, "Jina lako lina uzito, haya, libebe." Ndilo neno pekee aliloniambia wiki ile.

Kampuni ilirudi Pune Jumamosi. Nilikwenda kumwona Dabke mapema, nikamwambia kila kitu, nikamshika miguu, mimi Narhari, mbele ya washona nguo. Akaniinua. Akasema, "Mzee, nikimrudisha leo watasema umenililia, na hawatamsikiliza tena, watatutazama mimi na wewe tu. Hata wewe ungesema hivyo." Kweli ningesema. Hilo ndilo linaloniuma.

Ningeondoka. Miguu ikanipeleka ndani, safu ya tatu, kwa mazoea tu. Revati alikuwa Kunda. Nikuambie kweli, ile sauti ya juu aliigusa akateleza, na mstari wa pili aliuparuza. Alipomaliza, mkono juu, kinanda kikangoja. Wakanigeukia wote. Nikamtazama yule msichana, ana miaka ishirini labda, na macho yake yananitazama mimi tu. Vatsala, nilikuona wewe. Sikumbuki kusimama. Nilisikia ukelele, "Irudiwe!" nikadhani ni mtu mwingine, kumbe ni mimi. Ukumbi ulilipuka. Walimrudisha mara nne.

Nimempa mtoto wa watu kile nilichokunyima wewe, na hakustahili nusu yako. Nimekuandikia mwenyewe ili usilisikie kwa wengine. Wakati watu wanapiga makofi nilikuwa nalia kwa sauti, na jirani yangu akadhani ni furaha.

Niambie nifanye nini. Lolote.

Baba yako

*

Hubli, 11 Mei 1969

Shikamoo Baba,

Natumai wewe na Mama hamjambo. Mimi sijambo.

Barua imefika. Nilikwisha sikia habari ya Kunda. Mwenzangu mmoja wa kampuni aliniandikia. Sikulia. Nilishona sare tatu siku hiyo.

Umeuliza ufanye nini. Nakuomba usiniandikie tena habari za michezo. Si waimbaji, si vinanda, si nani amekaa wapi. Ukiweza hilo, niandikie. Ukishindwa, nitamwandikia Mama, na nitaelewa.

Mwanao Vatsala

*

Pune, 22 Juni 1969

Mwanangu Vatsala,

Baraka. Hatujambo.

Mvua imeanza. Paa limevuja upande wa jiko, tumeweka sufuria. Mama yako ana mafua kidogo. Bei ya vitunguu imepanda, watu wanalalamika.

Karatasi hii ni ya sita, tano nimezichana. Kila nikiandika mistari miwili naona naelekea kulekule. Miaka yote nimekuandikia, na sasa nagundua sijui unalala kwenye kitanda cha namna gani, wala hao wasichana unaowafundisha wanaitwa nani, wala kama Hubli kuna baridi.

Jumamosi nilikuwa nyumbani. Na ile nyingine pia.

Nilimuuliza mama yako, mtu humwandikia nini mwanawe? Akanishangaa. Akasema, "Muulize amekula nini."

Leo umekula nini, mwanangu?

Baba yako