Jicho la Mama Halifumbi

Gachoka,
12 Januari 2026

Mwanangu Ruguru,

Salamu za huku kwetu. Mbuzi wazima, mimi nusu. Baridi ya Kangeta haijakuumiza? Wanafunzi wako je?

Nakuandikia kwa sababu simu siitaki tena. Tangu upande wa kushoto wa uso ulale, maneno yananitoka pamoja na mate. Jicho halifumbi hata nikilala, na vumbi la huku unalijua. Daktari anasema linachubuka, nikichelewa nitapofuka.

Lakini linaloniuma zaidi ni Ednah. Kwenye maombi ya akina mama alisema, "Ciakuthii anaomba jicho wazi, kama askari wa geti." Wakacheka wote. Sijarudi tena.

Mama yako.

Kangeta,
20 Januari 2026

Mama mpendwa,

Umeamkaje? Mimi mzima, ila situlii tangu nisome barua yako. Huyo Ednah tumwachie Mungu, maana mimi sina maneno mazuri.

Nimepata hospitali Nairobi inayofanya majaribio. Wanaweka msuli wa bandia kwenye kope, uzi mwembamba unaojikunja ukipata umeme kidogo wa betri iliyo nyuma ya sikio. Ukijikunja, jicho linafumba. Nakuja kukuchukua Ijumaa, na usiniambie eti ndengu zinangoja kuvunwa.

Mwanao, Ruguru.

Kangeta,
9 Machi 2026

Mama,

Hujambo? Nauliza kweli, si kwa desturi. Nilikuacha nyumbani na bandeji, nimeandika barua mbili, kimya. Simu hushiki. Nikimuuliza jirani ananiambia, "Yuko tu." Yuko tu ni jibu gani?

Naandika hesabu ubaoni, watoto wananisahihisha. Linafumba au halifumbi? Naogopa nilikusukuma ukakatwa bure. Nijibu hata mstari mmoja.

Mwanao asiyelala.

Gachoka,
2 Aprili 2026

Ruguru wangu,

Mimi mzima kabisa, tuliza moyo. Nilinyamaza kwa aibu.

Ule msuli ulikuwa unafuata taya. Kila nikitafuna, jicho linafumba. Sasa fikiria, kwenye harusi ya binti ya Wamuyu nimeketishwa mbele ya Mzee Nyamu, yule aliyefiwa na mkewe, nakula muthokoi. Nilimkonyeza tangu sahani ikiwa imejaa mpaka ikaisha. Kesho yake akaniletea ndengu gorogoro mbili. Wiki iliyofuata akaleta nyingine. Ningekuandikia nini, mwanangu?

Wiki mbili zilizopita nilipanda gari peke yangu nikarudi hospitali, wakaurekebisha. Sasa jicho bovu linafuata lile zima: zima likifumba, na bovu linafumba. Jumapili nikaenda maombi. Nilifumba macho, Ruguru, giza likaja pande zote mbili, nikalia kwa furaha. Nilipoyafungua nilimkuta Ednah ananichungulia, yake yote mawili wazi.

Nyamu alikuwa akinisubiri nje, uso umemshuka. "Ciakuthii, nimekukosea wapi? Siku hizi hunikonyezi."

Nilimwonea huruma. Tena, nikuambie ukweli, nilikuwa nimeanza kuyazoea hayo mambo yake ya gorogoro. Nikaona nimkonyeze, mara hii kwa kusudi.

Yakafumba yote mawili.

Mzee wa watu akavua kofia, akainamisha kichwa, akangoja nimalize kuomba.

Mama yako.