Langalanga Ndani ya Nyumba ya Eda

Ibra, Oman
Jumatatu mchana

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, Mama. Goti lako vipi? Ile dawa ya kuchua niliyompa binti wa Bi Asha alipokuja likizo imekufikia, au kaitumia mwenyewe? Zuhura wangu hajambo? Mimi afya ninayo, alhamdulillahi. Chakula nakula, kitanda ninacho, hakuna anayenipiga. Natanguliza hayo maana nakujua, ukiona bahasha yangu unaanza kulia kabla haijafunguliwa. Ningepiga simu, lakini kwenye simu ukiniuliza "unakuja lini?" nasingizia mtandao mbaya, nakata. Basi kaka Bakari akusomee, na asiruke mahali.

Nilikwambia mkataba wangu umekwisha, na Bwana Khamis, mzee wa nyumba hii, kasema nikatiwe tikiti. Wiki ileile akafa. Alirudi msikitini alfajiri, akajinyoosha kidogo, hakuamka. Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema. Mjane wake, Bi Zuwena, akaingia eda, na mimi, Mama, nikaingia naye. Sifanyi mzaha. Mwanawe Said ndiye kafili wangu, mdhamini wa kazi yangu huku, na paspoti yangu anaiweka kwake, nyumba ya ng'ambo ya barabara. Msiba haujapoa akaniambia, "Mwanaidi, huwezi kumwacha mama katika eda. Ikisha tutazungumza." Nikamwambia binti yangu Zuhura ameposwa, na mama wa bibi harusi hakosekani. Akasema, "Mabruk." Basi, akaenda zake.

Nyumba ya eda unaijua, lakini ya huku, loh! Mapazia yameshushwa, udi hakuna, wanja hakuna. Fundi wa kiyoyozi akija, Bi Zuwena anajifungia chumbani na joto lake mpaka mtu amalize. Zamani kila Jumatano tulikuwa tunakwenda soko la wanawake, hapo hapo Ibra, mwanamume hakanyagi. Tunashika vitambaa, tunabishana bei, tunacheka njia nzima. Sasa kila kitu kinaletwa getini, na getini ni mimi. Siku nyingine nasimama uani naangalia ukuta, na milima iliyo juu ya ukuta, nasema ee Mola wangu, na eda yenyewe si yangu.

Sasa sikia kituko. Marehemu alikuwa na ugonjwa wa langalanga, mbio za magari. Si zile kubwa anazozijua kaka Bakari, hizi ni daraja la pili, za vijana wanaotafuta kupanda juu. Gari la mtu mmoja, kiti kimoja, halina hata pa kuweka kapu. Mwaka huu watangazaji walikuwa wanapasuka koo kwa Kiarabu: msimu wa kihistoria, haujapata kuonekana, kila mbio na mshindi wake, wa juu leo kesho yuko chini. Mzee hakuwa akikosa hata moja. Alipofariki, msimu ulikuwa katikati. Msiba ulipoanza kutulia, Jumamosi moja Bi Zuwena akaniambia, "Mwanaidi, hebu washa televisheni. Kauacha njiani, miye nitammalizia."

Jirani yetu Bi Rahma alipomkuta mbele ya televisheni alishika kifua. "Zuwena! Na eda yako hiyo, unatazama wanaume?"

Bi Zuwena hata hakugeuka. "Wanaume wepi? Wamefunikwa mpaka macho. Weye ukimwona mmoja, nambie."

Na ni kweli, mtu akivaa helmeti huwezi kumjua. Shida ni mbio zikiisha, wanapozivua na kupanda jukwaani. Hapo Bi Zuwena anajifunika leso uso mzima, na mimi ndiye wa kumsimulia. "Nani wa kwanza? Anacheka? Ana ndevu?" Nikimwambia mshindi ni mzuri, ananifinya paja. Mama, katika dhiki yote hii, hapo tulikuwa tunacheka mpaka tunalia.

Mwanzo nilitazama kwa kulazimika. Sasa nazijua kuliko kaka Bakari. Ijumaa wanatafuta nani mwepesi, halafu Jumamosi wale kumi wa mbele wanapinduliwa, aliyekuwa wa kwanza anaanza nyuma ya wenzake tisa. Bi Zuwena siku ya kwanza alipiga mkono kwenye mto. "Dhulma! Mtoto kahangaika, kisha wanamrudisha nyuma?" Jumapili ndiyo mbio ndefu, kila mtu kwa haki yake. Kijana wetu alikuwa wa gari la kijani, timu yenyewe dhaifu, mafundi wake wanambadilishia matairi taratibu kama wanavaa kanzu. Marehemu alimpenda, na Bi Zuwena akamrithi. Akipitwa anasema, "Mwache apite, atachoka mbele."

Siku moja mtangazaji akataja kanuni ambayo mimi sikuielewa, Bi Zuwena akanifafanulia. Bingwa wa daraja hili haruhusiwi kurudi mwakani. Akishinda lazima atoke, awe kapata gari huko juu au hakupata. Nilikuwa nakunja nguo. Nikaziweka chini nikamwambia, "Wenzetu hao ukifanya kazi vizuri unaambiwa toka. Mimi nimefanya vizuri nimeambiwa kaa."

Akaniangalia sana. Kisha akasema, "Kijana wetu akishinda, nitasema na Said. Nimekupa ahadi."

Wallahi, Mama, tangu siku ile lile gari nililiendesha mimi. Ndiyo maana nilikuwa nakwambia waombe wakwe wangoje kidogo, wangoje kidogo. Nilijua kijana wao anahamia Mtwara kikazi mwezi huu ukiisha, na nilijua unaona haya kuwaomba tena. Lakini nilikuwa na sababu, ila ningekwambiaje kwamba naitegemea langalanga?

Jana ilikuwa mbio ya mwisho, hapa jirani tu, Abu Dhabi. Ili awe bingwa alihitaji kumaliza mbele ya hasimu wake, yule wa gari jeupe. Akaanza vibaya. Mafundi wake wakakwama na tairi moja la nyuma, nikapiga kelele, "Kazeni nati, nyie!" kana kwamba wananisikia. Bi Zuwena alikuwa na tasbihi, inakwenda mbio kuliko magari. Karibu na mwisho wale wawili wakafuatana, kona baada ya kona, na yule wa gari jeupe akakawia kushika breki, akapitiliza nje. Wa kijani akapita. Mama, Bi Zuwena alipiga kigelegele! Mjane katika eda! Kisha akaziba mdomo kwa mikono miwili, akajifunika leso. "Nambie, anacheka?"

"Analia, Bibi. Wanasema mwakani hana gari huko juu."

Akaishusha leso yake. Halafu akasema, "Nipe simu."

Said akaja, akakaa pembeni ya mama yake, na mimi nikasimama mlangoni na sinia la kahawa. Alisema yaleyale, eda ikisha. Bi Zuwena akamjibu, "Eda ni yangu. Huyu kafiwa na mume gani?" Ndipo Said akatoa la moyoni: ameshanikatia ikama upya, kibali cha kukaa huku, miaka miwili, bila kuniuliza. Nikaliweka sinia chini. Bi Zuwena akainuka, akavaa baibui lake, akashika fimbo. "Naivuka barabara mwenyewe kuifuata hiyo paspoti. Mchana huu, na nguo zangu za eda, Ibra nzima ione."

"Mama! Aibu! Watu watasema nini?"

"Ndiyo hapo. Toka njiani."

Said alitoka mbio, akarudi na paspoti, ndara zake zimepishana. Nikasema moyoni, Zuhura, mama anakuja.

Bi Zuwena akaipokea. Akaifungua, akaitazama picha yangu. "Umekonda tangu picha hii," akasema. Nikanyoosha mkono. Akaifunga kwenye leso yake, akaitia katika sanduku lake, akazungusha ufunguo, akaufundika kwenye ncha ya ukaya. "Sasa iko kwangu. Said hakupati tena. Eda ikisha, utakwenda."

"Bibi, harusi ni mwezi huu, na eda inaisha mwezi ujao."

Akakaa kitandani. "Na miye nitabaki na nani humu ndani?" Akaanza kulia. Mama, kwenye msiba hakulia mbele ya mtu. Nilitaka kumpokonya ule ufunguo, na ningeweza, mkono wake hauna nguvu. Nilimkasirikia mpaka masikio yakawaka moto. Nikachukua kitambaa nikamfuta machozi.

Kwa hiyo usiwaombe tena wakwe. Mwozesheni Zuhura kabla mwezi haujaisha. Walii wake ni ami yake, hapo hapana neno. Mahali pangu asimame dada Hadija, amtie hina yeye mwenyewe asimwachie mtu wa kukodi, na amlaze kwenye mkeka wangu. Nisalimie shangazi yake aliyenilelea mtoto, nisalimie Bi Asha jirani kwa dua zake, na mkwe wangu mwambieni namkabidhi mtu, si mzigo.

Zuhura akikuuliza kwa nini sikuja, msomee barua hii yote. Akikuuliza kama watu wa huku ni wabaya, mwambie hapana, na hilo ndilo linalonishinda.

Mwanao, mama wa bibi harusi,
Mwanaidi